Dakika Tano za Shemeji

Mume wa dada yangu wanamwita Dakika Tano, na wengi wanaomwita hivyo hawajui jina hilo lilimgharimu meno mangapi. Mimi najua, nilikuwapo. Shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe iliniacha, tusigombane. Lakini kuhesabu meno naweza.

Shemeji alikuwa fundi wa mtambo wa kurushia matangazo, enzi zile redio ya nyumbani ina ukubwa wa kabati na mtaa mzima unajazana sebuleni kwa mwenye nayo. Mtambo wenyewe ulijaza chumba. Ndani yake zilikaa valvu, chupa za kioo zenye nyuzi, kubwa kama kichwa cha mtoto. Kila ulipowashwa, nyuzi zilipashwa moto kwanza dakika tano, ndipo ikavutwa swichi kubwa ya umeme mkali. Ukiharakisha, kioo kinapasuka. Valvu mpya ililetwa kwa meli, miezi minane. Akiba ilikuwa moja.

Mchana kituo kilifungwa kidogo kuupumzisha mtambo. Siku hiyo nilimpelekea chakula, nusu nimeshakila njiani, mara mlango ukaruka na bawaba zake. Kapteni na askari sita. Mlinzi wa geti walikuwa wamekwishampiga risasi. Buti zao ziliacha alama za damu yake sakafuni.

Mimi nikajipanga ndani ya kabati la vipuri, kusimamia mambo kwa mbali.

"Washa," kapteni akasema, karatasi mkononi. "Wenzangu kambini wanasubiri kunisikia ndipo watoke. Serikali imeanguka."

"Hongereni," shemeji akasema, akabonyeza kitufe cha kupasha nyuzi. "Dakika tano."

Kofi likamlaza juu ya meza.

"Unachelewesha makusudi. Redio yangu ya jeshini inawaka papo hapo."

"Hiyo yako ni kijana, mkuu. Huyu ni mzee, hakurupushwi."

Wakamwingiza mkono wa kulia kwenye droo ya chuma, askari mmoja akaipiga teke. Vidole viwili vikalia kama kuni kavu. Shemeji alitweta, macho kwenye saa ya ukutani.

"Bado tatu na nusu," akasema.

Msidhani aliitetea serikali. Serikali ilimnyima nyumba miaka sita. Aliihofia chupa yake, basi.

Kapteni akamsukuma, akavuta swichi mwenyewe. Ukapiga mwanga wa buluu, ukafuata mlio uliozibua masikio, na vioo vikaruka chumba kizima. Kapteni akaanguka ameshika macho, damu ikimchuruzika kati ya vidole. Watu wake wakamgeukia shemeji, wakamchezea mpira kwa buti mpaka mbavu zikaitika.

Hewani kimya. Kambini hakutoka mtu. Baada ya nusu saa wakaja askari wa serikali wakifyatua risasi ngazini. Watatu wa kapteni wakafia mlangoni, waliobaki wakatupa silaha.

Meja aliyewaongoza akamsimamia shemeji pale sakafuni. "Washa, nchi ijue imetulia."

Shemeji akatema jino. "Niinueni. Valvu ya akiba iko kabatini."

Wakafungua, wakanikuta nimeikumbatia kama kichanga. Wakanivuta kwa ukosi, chupa sikuiachia. Shemeji akaifunga kwa mkono wa kushoto, akabonyeza kitufe chake.

"Dakika tano," akasema.

Kitako cha bunduki kikamng'oa mawili mengine.

Hapo ndugu yenu nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Mkuu, na yule pale aliambiwa dakika tano."

Meja akautazama uso wa kapteni. Kisha akavuta kiti, akavua saa, akaiweka mezani. Tukakaa wote, maiti mlangoni, kapteni akigumia, nyuzi zikigeuka nyekundu polepole. Dakika zilipotimia, shemeji akavuta swichi kwa mkono mzima, meja akasoma tangazo lake.

Vile vidole havikunyooka tena. Siku hizi kituo kinawashwa kwa kompyuta, na mimi sichoki kumchokoza: "Meno matatu na vidole viwili, kwa ajili ya chupa."

"Ile chupa ilidumu kazini miaka kumi na mmoja, shemeji," hunijibu kwa pengo lake. "Wewe ni kazi gani uliyodumu nayo hata mwaka mmoja?"