Karani na Maji ya Mfereji

Kwenye kundi letu la wasapu, la sisi wenye majaruba ya mpunga katika mfereji mmoja upande wa Katindiuka, kuna karani mstaafu aliyejipa kazi ya kutusahihisha. Mwaka jana alijenga tuta katikati ya mfereji, maji yote yakabaki kwake. Nikaandika kundini kwamba mpunga wangu unakauka.

"Dada, hapo umechanganya hili na ili," akajibu. "Andika vizuri tukuelewe."

Watu wakacheka. Nikaandika tena, akaniuliza nukta iko wapi. Huku nyuma majaruba yangu yakaanza kupasuka.

Mimi nina hasira za karibu. Badala ya kudai maji, nilikaa siku mbili nafukua ujumbe wake wa zamani, nikakusanya makosa yake na kuyabandika kundini moja moja. Kundi likanishangilia. Nilitembea sokoni Ifakara kichwa juu, hadi nilipofika shambani nikakuta majani yamejikunja. Nilijiona mjinga, na nilikuwa mjinga kweli.

Kwetu mtu akikualika kazi shambani unakwenda, maana usipokwenda, siku yako ya kuvuna utavuna peke yako. Na ukishakula chakula cha mwaliko, huondoki bila kushika jembe. Kawaida tunakula kazi ikiisha. Mimi niliwaalika wote kusafisha mfereji, nikapika wali wa nazi na perege kutoka Mofu, nikapakua kabla ya kazi.

Karani alikuja. Alikula sahani mbili, akasifia nazi. Aliponawa mikono ndipo niliposema, "Haya jamani, tunaanzia pale kwenye tuta la kaka."

Akasema neno tuta si sahihi, pale pana kizuizi. Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee mmoja, jirani yake wa shamba, akamnyooshea jembe.

"Umeshakula, mwanangu," akamwambia.

Karani akavua viatu, akaingia mferejini, akabomoa mwenyewe. Sikungoja kumwona akimaliza. Nilikimbia na maji pembeni ya mfereji hadi jaruba langu la mwisho, nikasimama humo mpaka yakanifika vifundoni, nikapiga vigelegele peke yangu, mtu mzima mimi. Najua kule juu alivisikia.