Mbwa Ambaye Hakupotea

Mwaka wa 2008, chuo chetu cha Nakuru kilipofunguliwa tena baada ya fujo za uchaguzi, kikundi chetu kilitafuta mbwa ambaye hakuwa amepotea. Alikuwa wetu, wa nyumbani kwetu mtaa wa Section 58, mnene, mvivu, hawezi kupotea hata umbebe ukamtupe. Aliyepotea kweli alikuwa mtoto wa mama mmoja wa kambi ya waliofukuzwa makwao, na huyo mama namkumbuka kuliko masomo yote niliyofundishwa.

Lawama zote kwa mwalimu. Alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na neno refu ambalo alilitamka akiwa amefumba macho, kama mtu anayeonja supu. Ukiliondolea maringo, lilimaanisha hivi: simulieni hadithi moja kwa vyombo vingi, kila chombo kibebe kipande chake, watu wajiunganishie wenyewe. Watu wasipoitikia, mnarudia mwaka. Haya basi! Mji ambamo watu waliogopa hata kubisha kwa jirani, eti waitikie hadithi ya wanafunzi.

Tulikuwa watatu. Chairlady wetu alikuwa msichana wa Lanet, amelelewa karibu na kambi ya jeshi, na alituongoza kijeshi vilevile. Wa pili alikuwa kijana wa Kisikh, tuliyemwita Kalasinga, ambaye babake aliuza redio na spika mjini. Wa tatu ni mimi, na mchango wangu ulikuwa mbwa.

Mabango yalisema amepotea. SMS zilisema ameonekana wapi. Kwenye blogu, tuliyoiandikia kwenye saiba ya intaneti mjini, alizungumza mbwa mwenyewe, akilalamikia mapishi ya kwetu, na mamangu hajawahi kunisamehe. Mwenyewe tulimficha kwa kina chairlady, akazidi kunenepa.

Wueh, simu zikalia! Mmoja alimwona akipandishwa lori kuelekea Sachangwan. Mzee mmoja alituletea mbwa mweusi, na wetu ni wa kahawia, akasema, "Chukueni tu huyu, mbwa ni mbwa." Mwingine alitaka kwanza kujua mbwa ni wa watu gani, yaani kabila lipi, ndipo aseme kama amemwona. Huyo nilimkatia simu.

Ndipo yule mama akaja chuoni, ameshika bango letu alilolibandua ukutani.

"Ni nyinyi mnatafuta mbwa?"

"Ni sisi, mathe. Umemwona?"

"Mbwa wenu simjui. Nimekuja kuuliza kama mnaweza kutafuta mtu."

Kitinda mimba wake, kijana wa sekondari, alikuwa ameenda kuchota maji siku ile nyumba zao zilipochomwa, huko juu upande wa Molo. Mama akasukumwa kwenye lori pamoja na majirani, likamleta Nakuru, akapewa hema. Kijana hakuonekana tena, wala hakuna aliyesema amemwona akiwa mzima au vingine.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Chairlady akamwambia ukweli: mbwa hajapotea, yuko Lanet, anakula. Nilidhani mama atatutukana. Alicheka mpaka akaketi chini.

"Aki nyinyi watoto, hamna kazi? Basi kama hamna kazi, mna nafasi."

Tukakimbilia ufundi wetu. Bango linataka picha, na picha ziliungua na nyumba. SMS haina pa kwenda, kijana hana simu. Nikaanza kumweleza blogu, akanitazama kwa huruma. "Ataisomea wapi, msituni?" Ikabaki sauti peke yake.

Kalasinga akaleta kinasa sauti. Chairlady, kwa uzoefu wake wa wiki chache, akamwelekeza mama aongee polepole, kwa huzuni. Mama akamwangalia kama mtoto aliyemwaga unga, akachukua maikrofoni.

"Wewe! Ulisema unaenda kuchota maji. Maji gani hayo tangu mwaka mpya? Na mtungi ni wa kuazima, mwenyewe ananiuliza kila siku. Niko Nakuru kwa mahema. Ukifika uliza yule mama wa kelele, utaonyeshwa. Sijakasirika. Kuja tu."

Tulifunga spika juu ya pikapu ya kina Kalasinga, tukacheza kanda hiyo stendi, sokoni, mpaka Molo. Kanda ikifika kwenye mtungi watu wanacheka, na mimi nacheka nao. Ikifika kwenye "sijakasirika" wanasogea karibu na gari. Muuza kabeji mmoja aliacha wateja wake, akaja dirishani akaniambia, "Weka tena." Nikaweka. Akauliza kama kuna nafasi ya kuwaita watoto wake pia, wawili. Nililia pale pale mbele ya kabeji zake, na sioni haya kusema.

Siku ya kuwasilisha kazi, mwalimu alisikiliza yote.

"Watu wameitikia, sawa," akasema. "Lakini hadithi haina mwisho."

Chairlady akasimama. "Mwalimu, ukiupata, tupigie."

Darasa zima likavunjika mbavu. Mwalimu alitupitisha shingo upande, alama chache juu ya mstari, na jioni hiyo tukaenda kwenye mahema kumwambia mama. Alifurahi kweli, akatushika mikono mmoja mmoja, akatutafutia chai. Sukari hakuna, lakini chai ilikuwa moto.

"Kwa hivyo mmemaliza masomo hayo," akasema.

"Tumemaliza."

Akatazama kikombe chake. "Na gari?"

Kalasinga akamwambia gari bado liko, kesho tunashuka upande wa Gilgil, hatujafika huko.

"Basi mwongeze sauti," mama akasema. "Huyo mtoto hata nyumbani, ukimwita mara moja haitiki."