Chupa Ambayo Kuo Yueh-chiao Alishindwa Kuimwaga

Saa mbili na robo asubuhi, mvua ya Xizhi, Taiwan, inagonga dirisha la ghorofa ya sita, na Kuo Yueh-chiao anamimina rangi ya zambarau kwenye sahani ya plastiki yenye vijishimo tisini na sita. Kisha anakaa. Rangi inahitaji dakika ishirini.

Ana miaka hamsini na saba, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimalizia kwenye chumba hiki. Kampuni yao ndogo inatengeneza interferoni ya panya, protini ambayo mwili wa panya huitoa kuzuia virusi. Hawaikamui kwa panya. Wanaipata kwa bakteria waliopachikwa jeni ya panya, wanaofugwa kwenye tangi ghorofa ya chini. Si dawa ya mtu. Inanunuliwa na watafiti wa maabara, na kila kichupa kina namba ya nguvu yake. Namba hiyo inatoka kwa Yueh-chiao.

"Naweka seli za panya kwenye vijishimo," ananieleza, kwa sauti ya chini ya mtu aliyeketi karibu na mtoto aliyelala. "Nazipa interferoni, safu ya kwanza nyingi, inayofuata nusu yake, hivyo hivyo mpaka ya kumi na mbili. Halafu natia virusi. Zilizokingwa zinashika rangi. Zilizokufa zinaondoka na maji. Pale zambarau inapoishia, ndiyo namba."

Leo namba hiyo itaamua pia kama anabaki kazini.

Seli anazotumia zote zilitoka kwa panya mmoja aliyekufa zaidi ya miaka themanini iliyopita. Tangu hapo zinagawanyika tu, chupa hadi chupa, nchi hadi nchi. Kila siku tatu chupa hujaa, na Yueh-chiao huhamishia kiasi kidogo kwenye chupa mpya. Kanuni ya kampuni inasema zikihamishwa mara ishirini na tano zimwagiwe klorini, zitolewe changa kwenye pipa la baridi kali. Zilizochoka hazihisi interferoni sawasawa.

Mwezi wa tatu mama yake alifariki huko Yilan. Siku ya pili baada ya mazishi, zamu ya kumwaga ikafika.

"Nikaishika chupa. Maji yake ya rangi ya waridi, vuguvugu. Seli zimejaa tele, hazina habari. Nikasema, si leo. Kesho yake nikasema vilevile."

Akazihamisha mara ya ishirini na sita, ya thelathini, ya hamsini na mbili. Kitabuni aliandika kuwa ni changa. Ananiambia hilo akinitazama usoni, na mimi ndiye niliyeangalia pembeni.

Mwezi wa sita fungu jipya la interferoni likaonyesha robo tu ya nguvu iliyotarajiwa. Dakta Fang Chi-heng, mkuu wa ubora, akaamua limwagwe. Bwana Hsieh, mtu wa tangi, aliyelilea fungu hilo wiki nzima, akaanza kuandika barua ya kuomba radhi.

"Tulikuwa tunakula, wali na paja la kuku. Hsieh akaniuliza mimi, mimi jamani, aandike neno gani zuri." Aliweka vijiti chini, akaenda kwa Dakta Fang na kusema yote.

Fungu la Hsieh lilipimwa kwa seli changa, likaonekana zima. Lakini mafungu mengine matano yalikuwa yameshauzwa tangu mwezi wa tatu, yote yamepimwa kwa seli zilizochoka. Dakta Fang alimpa Yueh-chiao nafasi moja: ayapime upya siku za Jumamosi. Likitokea hata moja lenye namba ya uongo, wateja wataandikiwa barua na yeye ataondoka, aupoteze mshahara wake wa dola 43,000 za Taiwan kwa mwezi, miaka mitatu kabla ya kustaafu.

Manne yamepita. Hili la tano ndilo la kuhofiwa, kwa kuwa lilipimwa mwisho, seli zikiwa zimechoka kuliko wakati wowote. Wakati ule mstari uliangukia safu ya saba. Ukisogea safu moja, inakubalika. Mbili, basi.

Lo Mei-yun, anayefunga vichupa kwenye maboksi, anachungulia mlangoni. "Bado unaikodolea macho? Itaiva tu, kama wali."

"Nyamaza kidogo, Mei-yun."

"Nikinyamaza nani atakukumbusha kupumua?"

Yueh-chiao anatabasamu bila kugeuka. Anasema siku hizi anaota ndoto ileile: mama yake yuko bombani anaosha sahani hizi, maji yanatiririka zambarau, na bila kuinua kichwa anamuuliza, "Umeshakula?" Kila mara anaamka kabla ya kujibu.

Kengele inalia. Anaosha sahani, anaigeuza juu ya karatasi nyeupe. Safu ya saba ipo. Ya nane imebaki hafifu, kama juisi iliyozidi maji. Ya tisa ni tupu.

Dakta Fang anaisoma mwenyewe, mara mbili, anaandika. "Nane, Dada Kuo." Anakohoa kidogo. "Ile chupa ya seli zilizochoka, tuliyoiweka kama ushahidi, bado iko kwenye kabati la joto?"

"Ipo."

"Haya. Kazi yake imekwisha."

Chini, kwenye maegesho, wafanyakazi wanapanga meza ya sadaka ya mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina, kwa roho zisizo na wenyewe: matunda, biskuti, soda, na pembeni bakuli la chakula cha panya. Moshi wa udi unapanda mpaka dirishani. Yueh-chiao anafungua chupa, anatia klorini, na waridi linafifia taratibu mpaka maji yanakuwa maji. Mei-yun anaingia na kusimama karibu naye.

Jumapili atapanda treni kwenda Yilan. Friji ya mama yake inanguruma kwenye nyumba tupu kwa miezi mitano sasa. "Kaka yangu anadhani nimesahau kuizima. Sijasahau." Ndani yake kuna chupa ya figili alizozitia chumvi mama mwenyewe.

"Na hizo utazimwagia klorini?" Mei-yun anauliza.

"Hizo?" Yueh-chiao anavua glavu. "Hizo nazila. Mama kila siku ananiuliza kama nimeshakula. Nataka nimjibu."