Theodosia na kata iliyotoboka kwenye kompyuta

Saa moja na nusu asubuhi, Theodosia Irakoze anakatiza soko la Kasulu akiwa na skrini ya kompyuta kichwani. Chini ya skrini ameweka kata ya kitenge. Mikono yake yote miwili inaning'inia.

"Mwakeye!" anawasalimia wauza ndizi kwa Kiha, bila kugeuza shingo.

Wenyeji wamekwisha kumzoea. Skrini hiyo inalala nyumbani kwa mwajiri wake, Mudathiri Hamis, kwa kuwa kufuli la duka lake la uchapaji ni la kutishia mbuzi tu. Mudathiri aliwahi kuibeba mwenyewe kifuani, akatua njiani kila alipoona kivuli, mwisho akanyoosha mikono.

"Akiibeba huyu dada, moyo wangu unatulia," anasema akicheka. "Nikiibeba mimi, mji mzima unakaa roho mkononi."

Theodosia ana umri wa miaka 27. Alivuka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa mgongoni kwa mama yake, na amekulia kijiji kimoja karibu na Kibondo. Alianza kazi kwa Mudathiri kama mkata herufi za mabango kwa wembe. Mwaka jana, shirika moja la misaada lilipofunga ofisi yake, Mudathiri alinunua kompyuta chakavu yenye programu ya kuchora, na binti huyu akaizoea kwa kubonyeza na kukosea. Jenereta huwashwa kwa muda wa saa tatu tu kila siku, kwa hiyo asubuhi huchora kwanza kwa penseli.

Mtu pekee ambaye hakuvutiwa ni mama yake, Winifrida, mwenyekiti wa akina mama wanaobeba mizigo sokoni Kibondo. Kwake yeye, kazi ya kukaa kwenye kiti siyo kazi. Kila msimu alimwachia binti yake kipande cha shamba la maharage bila kukipanda, akisubiri arudi.

"Aliniambia, 'Ukichoka na hicho kisanduku, shamba lako lipo,'" Theodosia anakumbuka. "Alikuwa ananipenda, lakini iliniuma. Maana yake hakuniamini."

Mapema mwaka huu wa 1998, kikundi cha Winifrida kiliamua kushona sare ya vitambaa vya kichwani. Nembo ilikuwa moja tu, hakuna aliyebisha: ingata, kata ya kubebea mzigo, iliyosokotwa mara mbili. Winifrida alimpa binti yake kazi hiyo pamoja na sharti. Ikimshinda, mvua za kwanza zimkute shambani.

Theodosia akaona ni mteremko. Alichora mzunguko wa kwanza wa kata kwa uangalifu. Wa pili hakujisumbua: alinakili ule wa kwanza, akaugeuza kama unavyoonekana kwenye kioo, akaunganisha miisho ikawa umbo moja linalojilalia lenyewe. Kisha akaamuru kompyuta ijaze rangi.

Rangi ikajaa kote, isipokuwa pale mizunguko miwili ilipolaliana. Hapo palibaki peupe. Akadhani ni ubishi wa mashine, akapeleka sampuli Kibondo hivyohivyo.

Winifrida alipitisha kidole kwenye yale matundu. "Mwana wanje, mwanangu, nani atatua mtungi juu ya ingata iliyotoboka?" aliuliza. Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Theodosia alirudi Kasulu kwa basi akitazama dirishani njia nzima.

Mudathiri alishauri matundu yazibwe kwa brashi. "Tupige viraka, nani atajua?"

"Mama atajua," Theodosia akamjibu.

Kwa wiki nzima alifuta na kuchora upya, kila mara kwa njia ileile ya mkato. Mpaka asubuhi moja, akiwa nje ya nyumba ya Mudathiri, alikunja kitenge chake ili apandishe skrini. Kichwani alikuwa na mawazo mengine, mkono ukasokota nusu kulia, nusu kushoto. Kata ikafumuka mikononi mwake kabla hata haijaona kichwa.

"Nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji," anasema. "Ingata inazungushwa upande mmoja mpaka mwisho. Ukirudi nyuma, mzunguko wa pili unafungua wa kwanza. Nikajiuliza, na mashine je?"

Na mashine vilevile. Programu yake huhesabu mwendo wa mstari. Mstari ukizunguka mara mbili kuelekea upande uleule, sehemu zinazolaliana hujaa rangi. Mzunguko wa pili ukienda kinyume, unaufuta wa kwanza, na hapo rangi hunyimwa. Alipougeuza ule mzunguko kama kwenye kioo, aligeuza na mwendo wake.

Safari hii alichora yote kwa mwendo mmoja, bila kunakili, jinsi mama yake anavyosokota. Akajaza rangi. Kata ikatoka nzima, nyeusi tii. Mudathiri anasema alisikia kelele za Theodosia akadhani jenereta imeshika moto.

Mwandishi alimkuta Theodosia tena sokoni Kibondo, siku ya kugawa sare. Akina mama walikuwa wamejifunga vitambaa vyao vipya na kuringa navyo. Theodosia anatamani siku moja afungue duka lake hapahapa, na tayari ameombwa kuwachorea nembo akina mama wa kambi ya Nyarugusu.

Winifrida alisikiliza mipango hiyo huku akikaza kitambaa chake. Alipoulizwa kama bado anamsubiri binti yake arudi shambani, alimtazama kwanza Theodosia, akaguna.

"Kile kipande nimempa jirani, amekwisha kulima," alisema. "Maharage sasa atanunua sokoni, kama watu wengine wenye kazi zao."