Amina ya Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na haoni haya kufumua kazi ya mtu huku mwenyewe anatazama. Mchungaji alipomkabidhi uongozi wa maombi ya Jumatano, waliomjua walicheka chinichini. Mimi sikucheka. Nilijua kuna mtu atafumuliwa.

Maombi yenyewe yalikuwa taabani. Chumba cha nyuma ya kanisa kilijaa viti vya plastiki vitupu, na waliobaki walikuwa wale wale, kila mmoja kwenye kiti chake kana kwamba amekinunua. Mchungaji alishauri litolewe tangazo Jumapili.

"Tangazo la nini, Mchungaji?" Shangazi akamwuliza. "Njia wanaijua. Ngoja nikawaulize kwa nini hawaji."

Akaanza na msusi, ambaye zamani alikuwa hakosi. Alimfuata saluni kwake, akaketi asukwe ili asiweze kufukuzwa. Nywele zilipofika nusu, msusi akafunguka. Mumewe alipoachishwa kazi, alileta ombi lake kikundini. Wenzake wakaliombea kwa sauti, tena kwa undani: "Bwana, wamjua mume wake, aliyefukuzwa kwa ajili ya pombe..." Kesho yake wateja wakaanza kumpa pole.

"Mama, nilipeleka shida yangu kwa Mungu, ikafika sokoni kwanza," alisema. "Siku hizi siombi kabisa, hata nikiwa peke yangu. Nikifumba macho nawaona wao."

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma Shangazi. Viti vitupu si kitu, alituambia, lakini mtu kushindwa kuomba hata chumbani kwake, hiyo ni hatia yetu. Akakata shauri kwamba yule msusi ataomba tena.

Jumatano iliyofuata akatoa utaratibu mpya. Mwenye shida aseme tu, "Nina mzigo." Basi. Asiulizwe, asitajwe, wala asielezewe. Mungu, alisema, hajawahi kuhitaji taarifa ya habari.

Sasa, aliyekuwa akiisoma hiyo taarifa siku zote ni mama yangu mzazi. Nampenda mama yangu, lakini mdomo wake hauna breki, na akifumba macho ndiyo kwanza huongeza mwendo. Tena anaomba vizuri, ukimsikia mwili unasisimka. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kumkatiza.

Msusi alikuja baada ya kubembelezwa sana. Alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani. "Nina mzigo," akasema kwa sauti ndogo. Tukafumba macho, mama akaanza. Alianza vizuri, mbinguni kabisa, kisha akaanza kushuka huku kwetu.

"Bwana, mkumbuke dada yetu huyu aliyekaa mlangoni, ambaye mume wake, kama ujuavyo..."

"Amina!" akasema Shangazi, kwa sauti ya kusimamisha gari.

Na sisi, kwa mazoea, sote tukaitikia, "Amina!"

Mama akafumbua macho. "Wifi, sijamaliza."

"Umemaliza, wifi yangu. Na Mungu amesikia."

Nyumbani hapakukalika. Mama aliapa kwamba hatakanyaga tena kile chumba. Nilimsihi Shangazi amwombe radhi, yaishe. "Nikimwomba radhi yeye," akanijibu huku akitia uzi kwenye sindano, "yule wa mlangoni nitamwambia nini?" Nilikasirika, nikaondoka zangu.

Msusi aliendelea kuja, lakini haombi. Anasema ana mzigo, anaombewa, anaitikia amina, anaondoka. Wengine nao wakaanza kurudi mmoja mmoja, mpaka tukaazima viti vya kwaya. Shangazi hakufurahia viti. Kila Jumatano alikuwa anamtazama yule mmoja.

Ndipo siku moja mama akaingia. Hakusalimia mtu. Alikaa, akaukunja mtandio wake, akaukunjua.

"Nina mzigo," akasema.

Tulisubiri maelezo, maana tunamjua. Hayakuja. Akaukunja tena mtandio. Nikamwangalia Shangazi, naye hakuinuka, akabaki ametazama mlangoni.

Msusi akaweka mkoba chini. Akapita katikati ya viti, akapiga magoti mbele ya mama yangu, akamshika mikono yote miwili, akaomba. Alianza kwa sauti ndogo, kisha ikafunguka. Hakutaja jina, hakuuliza kitu. Mama alilia kama mtoto.

Mzigo wenyewe ulikuwa nini, mimi mwanawe niliyekaa naye bega kwa bega sijui mpaka leo.