Nilivyompumzisha Baba

Kwa miaka mingi nimefundisha maadili katika chuo cha ualimu mjini Kericho, na kila muhula huanza kwa swali lile lile ubaoni: maisha mema ni yapi? Wanafunzi husema afya, familia, Mungu, na hakosi mmoja wa kusema gari. Huwaacha wabishane, kisha nawapa jibu ninalolipenda mwenyewe: binadamu hustawi anapofanya vizuri kazi anayoiweza, kwa hiari yake, mahali anapojulikana. Hulisema kwa sauti ya mtu aliyehakikisha. Lakini mganga hajigangi, na mimi hata ugonjwa wenyewe sikuuona.

Baba yangu ana shamba la chai Boito, kwenye mteremko unaoshuka hadi mtoni. Mama alipofariki alibaki pale peke yake, akichuma mwenyewe, majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili ikienda bila yeye kuitazama. Alikuwa na fimbo ndefu ambayo aliilaza juu ya michai ili ajue ni wapi pamezidi kimo. Akishamaliza alipanda na kikapu mgongoni hadi senta, pale majani yanapopimwa kabla ya lori kuja kuyachukua. Karani akiwa mgeni, wenzake walimwambia asihangaike kuyachambua majani ya mzee huyu kwa sababu hayana takataka. Baba alijifanya hasikii, lakini siku hiyo alirudi nyumbani akizungumza sana.

Mwaka juzi aliteleza kwenye matope akaumia nyonga. Tulimpeleka hospitali Longisa, wakasema hakuna mfupa uliovunjika. Ningeishia hapo. Ila Jumapili iliyofuata mama mmoja alinishika mkono nje ya kanisa akaniuliza, "Madam, wewe unaendesha gari, na mzee wako bado anabeba kikapu?" Kwetu hilo si swali, ni hukumu. Mtoto aliyesoma akimwacha baba yake achume chai, watu husema kisomo kilimharibu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, na haya hizo nikazibatiza jina la huruma.

Nilimtafuta mfanyabiashara mmoja wa pale sokoni, mtu mstaarabu tu, nikamkodishia chai yote kwa miaka mitano. Baba aliweka sahihi nilipomwonyesha. "Kama wewe umeona ni sawa, Mwalimu, ni sawa," aliniambia. Huniita Mwalimu tangu nilipohitimu, na sijawahi kumsikia akimwita hivyo mtu mwingine. Nikamnunulia kiti chenye mito nikakiweka barazani, na mimi mjinga nikakielekeza shambani ili afurahie mandhari.

Miezi michache baadaye yule mfanyabiashara alinipigia simu. Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayeona aibu kwa niaba yako.

"Madam, mimi sina shida na mzee. Lakini leo asubuhi nimepata yeye ndani ya majani na kikapu. Si mara ya kwanza. Wafanyakazi wangu wakiona hivyo, hata wao wataanza kuchuma yao. Ongea na yeye."

Niliendesha hadi Boito kwa hasira. Baba yangu, shemasi, amekamatwa akiiba majani! Nilimkuta amesimama uani, kikapu bado mgongoni.

"Hao wanakata na makasi kama nyasi," alisema. "Hii ya katikati wanaacha inakomaa. Nimetoa tu ile ingeharibika."

"Na ukishachuma unapeleka wapi? Nambari yako ya kupimia majani senta anatumia yule aliyekodi sasa."

Alitupa jicho upande wa ghala. Nilizunguka nyuma ya ghala la mahindi, nikakuta rundo la majani ya chai linanifikia magotini. Ya juu yalikuwa bado mabichi, ya chini yameoza na kuwa meusi. Kila asubuhi alichuma, akachambua, akaja kuyamwaga pale. Hakukuwa na jani moja baya katika yale mabichi, nilitazama.

Ningeweza kuelewa pale pale. Swali zima la ubaoni lilikuwa limelundikwa mbele yangu, na jibu lake pia. Badala yake nilirudi uani nikamwambia, "Baba, unaniaibisha. Kazi yako imeisha. Mtu mzima akimaliza, anakaa." Najua nilivyosema, najua na sauti niliyotumia.

Akavua kikapu. Akakaa.

Baba ni mtu wa neno lake, na alikaa kweli. Aliacha kwenda senta, maana huko watu huenda na mzigo. Akaacha kunyoa ndevu. Mama jirani anayempikia aliniambia mzee anakula akiambiwa ale, na akiwekewa maziwa ya mursik anashukuru, halafu kibuyu kinakaa mpaka nzi wanakizunguka. Kila nilipompigia simu alisema yuko sawa. Nilikuwa nikikata simu nafarijika, Mungu anisamehe.

Mwezi uliopita nikatambua nilichomfanyia, nikaenda kumwona yule mfanyabiashara nikamsihi amwache baba achume tena. Hakunipa shida. Alisema mzee achukue safu zote zilizo karibu na mto, achume anavyotaka, na yeye atawaambia vijana wake wasiziguse. Nilikimbilia nyumbani na habari hizo. Nilitoa kikapu stoo, nikakipangusa vumbi, nikakiweka miguuni pa baba.

Alikitazama kidogo. "Hiyo ni chai ya mtu," akasema.

"Amekubali, baba. Nimetoka kuongea naye sasa hivi."

"Hapana. Mikono imeshazoea kukaa." Aliiinua nione. Ile rangi nyeusi ya utomvu wa chai, niliyodhani alizaliwa nayo, ilikuwa imetoka kabisa, na vidole vilikuwa laini kuliko vyangu. Nililia, sikujali anaona.

Akaniacha nilie. Kisha akavuta kiti chake karibu.

"Mwalimu, nataka kukuuliza kitu. Mimi nimekaa hapa nikafikiria, nikakosa. Mtu akishamaliza kazi yake na bado hajakufa, anatakiwa afanye nini?"

Akangoja. Hakuwa ananikejeli, baba hajui kejeli. Aliamini kabisa kwamba huko alikonisomesha ndiko walikonipa jibu, na kwamba nilikuwa nalo siku zote, ila yeye hakuwahi kuniuliza. Alipoona nimekwama alinionea huruma, akaniambia niondoke mapema kabla mvua haijaharibu barabara.