Baiskeli ya Mjane wa Kaloleni

Kwetu Shinyanga mtu mzima asiye na baiskeli ni kama hana miguu. Kwa hiyo nilipohamia Nairobi na kupanga chumba Jericho, sikudhani kununua baiskeli kungenisumbua. Thubutu! Wenzangu kiwandani walinicheka mpaka nikanuna. Hapa, walisema, baiskeli ni ya soja, mlinzi wa usiku. Mtu anayejiheshimu hupanda gari. Sawa, lakini mvua ikinyesha magari hayaonekani, na msimamizi wetu alikwisha kuniambia nikichelewa tena nisivue hata koti, nigeuze nirudi nilikotoka. Kibali changu cha kuishi hapa kimefungwa kwenye kazi hiyo. Ikienda, nami naenda.

Sokoni Jericho niliuziwa maneno matupu. Baiskeli zilizotoka Ulaya, matairi membamba kama fito, ukikaa kitini kiuno kinalia. Muuzaji akisikia tu lafudhi yangu, bei inaruka. Nilimwambia mimi ni Mtanzania, si Mzungu. Akanijibu kwamba mgeni ni mgeni. Nikamtukana kimoyomoyo, nikaondoka.

Fundi viatu wa mlangoni kwetu ndiye aliyenielekeza kwa mjane mmoja Kaloleni, aliyekuwa akiuza baiskeli ya mumewe. Nikaenda Jumapili, watu walipotoka kanisani.

Ilikuwa imeegemezwa ukutani barazani, nyeusi, imara, na keria ya chuma nyuma, kama zile za kwetu. Niliipenda papo hapo, nikajichukia kwa kuipenda. Marehemu mumewe alikuwa karani. Lori lilimgonga Jogoo Road asubuhi akienda kazini. Yeye alikwenda chini ya magurudumu. Baiskeli ikarushwa majanini, haikupata hata mkwaruzo. Kufa kufaana, wahenga walisema, na siku hiyo wa kufaidika nilikuwa mimi.

Nikatoa pole, kisha nikauliza lililonikwama kooni: ukoo umekubali? Kwetu mali ya marehemu haiguswi kabla ndugu hawajakaa.

"Walikaa," akasema. "Kitanda wakabeba, televisheni wakabeba. Hii waliiacha kwa sababu kila mtu aliogopa kuishika."

Hatukubishana bei. Nilipoisukuma nje, gurudumu la nyuma likaanza kulia tik-tik-tik, na binti mdogo wa miaka kama minne akatoka ndani mbio, mikono juu. Aliponiona mimi akasimama. Hakulia. Akarudi ndani taratibu, na mama yake akafunga mlango.

Kisha mjane akanisindikiza. Njiani akaniuliza ninafanya kazi wapi. Nilipomwambia, akaelewa kwamba njia yangu ya mkato ni humo humo Kaloleni, mbele ya mlango wake, kila alfajiri na kila jioni. Akaniomba nisipite hapo. Nikasema nitaipaka rangi nyingine. Akasema mtoto haangalii rangi, anasikia mlio. Nikasema basi nikifika hapo nitashuka niikokote. Lakini wakati huo huo tulikuwa tunaikokota, na ilikuwa inalia vilevile.

Nikamwambia ukweli, kwamba nje ya Kaloleni nina njia moja tu. Alijua ni ipi. Mkono wake ulikuwa ungali kwenye kiti cha baiskeli.

"Naijua hiyo barabara," akasema. "Lakini huyu mtoto ndiyo kwanza ameanza kulala."

Nilikasirika, sifichi. Nani kampa haki ya kunituma huko? Nami nina watoto, wako Shinyanga na bibi yao, na wao pia hulala wakijua baba yupo. Nilitaka kumrudishia baiskeli yake nimwambie atafute mwingine. Badala yake nikasikia kinywa changu kikisema, "Sawa, dada."

Jumatatu alfajiri nikaingia Jogoo Road. Malori yalinipita ubavuni, na kila moja lilipopita baiskeli iliyumba. Nilifika kazini mapema; msimamizi akanisifu. Jioni nikarudi kwa njia ileile. Mpaka leo ndiyo njia yangu, na sijaizoea. Kila siku naogopa.